Glasi za Nassor

Mke wa Nassor alizikwa kabla sijafika. Nilitoka Kinyerezi asubuhi, nikiamini nitawahi sala ya adhuhuri, lakini lori la ng'ombe lilikuwa limelala ubavu Vingunguti, karibu na machinjio, na magari yakasimama. Nilipoingia mtaani kwao, Temeke, wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, pindo za kanzu zimeshika vumbi, wakiongea taratibu kama watu waliotoka kwenye kazi nzito. Nassor alikuwa amekaa kwenye jamvi chini ya turubai, mgongo ukiegemea ukuta wa duka lake la viungo, ambalo siku hiyo halikufunguliwa. Sikumtambua mara moja. Ilikuwa miaka mingi hatujaonana uso kwa uso, na katika miaka hiyo mwenzangu alikuwa amepungua kama nguo iliyofuliwa mno. Nikavua viatu, nikaketi pembeni yake, nikampa pole. Akanishika mkono na hakuuachia. "Umechelewa, Deo," alisema, bila lawama yoyote. Nikamwambia ndiyo, nimechelewa. Akasema kuchelewa maziko anakujua yeye, hakuna haja nimweleze. Waliokuwa karibu waliyachukulia kuwa maneno ya msiba tu. Mie nilijua anasema nini, na nikakaa pale nikiangalia miguu yangu ndani ya soksi, nimechoka ghafla, kama vile safari ya asubuhi ile ilikuwa imetoka mbali kuliko Kinyerezi.

Mie sasa ni mzee wa kupima sukari kila asubuhi. Nilikuwa na baa Tandika kwa miaka mingi, na mwishoni hata muziki uliopigwa humo sikuuelewa, vijana wanataka singeli tangu mchana. Nilipoifunga sikuhuzunika. Nilijisikia kama mpagazi aliyeshusha gunia na kukuta mabega yameshazoea kuinama. Pale palipokuwa baa sasa wanauza vigae. Daktari amenikataza bia, na kusema kweli alinikataza kitu ambacho nilikuwa nimeshakichoka. Watu hushangaa nikiwaambia hivyo, maana wananijua kama mzee wa baa. Huwa siwaelezi kwamba bia niliipenda mwaka mmoja tu, nikiwa kijana, katika mji wa bandari wa Italia uitwao Genova, na kwamba mwenzangu wa mwaka huo alikuwa mtu asiyeruhusiwa na dini yake kuiweka mdomoni. Maisha yangu mengine yote yanafanana na ya watu wengi. Mwaka huo ndio ninaoweza kuusimulia.

Tulipelekwa kujifunza winchi. Bandarini Dar zilikuwa zinakuja winchi mpya za kushushia makontena, na mwajiri wetu akachagua mafundi wawili vijana wakakae mwaka mzima kwenye karakana ya waliozitengeneza. Mmoja mie Deogratias, mtu wa Rombo niliyekuwa nimepanga chumba Kinondoni. Mwingine Nassor, mtoto wa Temeke, wa ukoo wa Kiarabu ambao umeuza viungo na udi tangu zamani. Ndugu zake wote wako dukani, yeye peke yake alipenda vyuma. Kabla ya safari tulijuana kwa sura tu. Alikuwa mwembamba, mkimya, mwangalifu wa sala zake. Uwanja wa ndege aliniuliza jambo moja: kama nakoroma. Nikamwambia sijui, sijawahi kujisikia. Akacheka kidogo, na hapo nikaona huenda tutaishi.

Chumba chetu kilikuwa juu kabisa ya nyumba ndefu, kwenye vichochoro vya mji wa kale, vyembamba hata mtu akinyoosha mikono anagusa kuta za pande zote mbili. Lifti hakuna. Ngazi zilikuwa za mawe, zimelika katikati kwa miguu ya watu, na mwezi wa kwanza kila jioni nilikaa katikati ya safari kupumzika. Ndani palikuwa na vitanda viwili vya chuma, meza, na dirisha lililotazama mapaa ya rangi ya risasi na kipande cha bandari. Jiko la mwenye nyumba, mama mjane aliyeitwa Signora Ines, lilikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao, na kila kilichosemwa jikoni kilitufikia kitandani. Siku ya kwanza alituwekea mezani nyama ya nguruwe. Nassor akamweleza kwa mikono kwamba hawezi. Kesho yake mama yule alinunua sufuria mpya, akaifunga utepe mwekundu kwenye mpini, na tangu hapo sufuria ile haikuingiwa na kitu kilichokatazwa. Alitupikia samaki mkavu, mgumu kama ubao, aliyemloweka siku nzima kwanza. Alitupikia mkate mwembamba wa unga wa dengu ambao Nassor aliufananisha na badia za kwao. Na alitupikia tambi zilizochanganywa na majani mabichi yaliyopondwa na mafuta. Nassor alipoinusa sahani ile mara ya kwanza aliweka uma chini. Aliniambia ni rehani, jani la manukato. Kwao rehani inakaa kwenye nywele za wanawake na kwenye kitanda cha bibi harusi, na hapa watu wanaila na tambi. Aliila, lakini kwa haya, kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake.

Jumapili dada yake Signora Ines alikuja kumtembelea, na wawili hao walitujadili jikoni bila kushusha sauti, wakiamini hatusikii. Mie kweli sikusikia, Kiitaliano changu kilikuwa cha spana na bolti. Nassor alishika lugha mapema, na alinitafsiria akiwa amelala chali. "Anasema wewe unakula kama mtu anayehama kesho. Anasema mimi nina macho ya mtu anayetafuta kitu kilichoanguka." Nje pia walimsemesha yeye. Kwa rangi yake walimdhania Mmoroko, wakamuuliza bei ya mazulia, na mie wakanidhania baharia aliyeachwa na meli. Tulirudi chumbani na majina hayo, tukicheka, kisha tukinyamaza. Baridi ile ilikuwa na uchovu wake. Ukitoka karakana jioni, giza limeshaingia tangu zamani, mikono inanuka grisi, na mtu pekee unayeweza kuongea naye bila kufikiria maneno ni yule mmoja aliye kitanda cha pili.

Jumamosi karakana ilifungwa mchana. Ndipo tulipoanza kwenda kwa Piero. Ilikuwa baa ndogo chini ya tao la mawe, karibu na bandari, na mwenyewe aliwahi kuwa mpishi wa meli. Alikuwa mnene, mwenye masharubu, na alikusanya bia za kila nchi kutoka kwa mabaharia na madereva wa malori. Mie nilikuwa na ndoto ambayo nilikuwa nimemwambia Nassor peke yake. Nilitaka nikirudi nifungue baa, siyo kibanda, baa, na nilitaka niwe mtu anayeijua bia kama fundi anavyoijua mashine. Nassor akamweleza Piero jambo hilo, na mzee yule akalichukulia kwa uzito kuliko nilivyotarajia. Akaniambia nisinywe kama mwenye kiu. Akawa ananimiminia kidogo kidogo, bia mbili au tatu kwa Jumamosi, na kati ya moja na nyingine ananipa maji na kipande cha mkate mkavu, ili ulimi usahau. Nassor alikaa pembeni na juisi yake ya machungwa. Alikuja kwa sababu chumba kilikuwa na baridi na baa ina joto, na kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda.

Jumamosi ya pili au ya tatu Piero aliweka mbele yangu bia ya ngano ya Wajerumani, yenye ukungu na povu zito. Nikanywa nikashangaa. Nikamwambia Nassor hii ina ndizi mbivu. Mtu wa Rombo hawezi kukosea ndizi. Sisi tunapika pombe ya ndizi, mbege, na harufu yake niliilalia utotoni. Nassor akaivuta glasi kwa vidole viwili, akaisogeza puani, akafumba macho. Akasema hakuna ndizi, hiyo ni karafuu. Tukabishana pale, mie ndizi, yeye karafuu, hadi Piero akaja kuuliza kulikoni. Nassor alipomweleza, mzee alicheka akapiga kaunta. Akasema wote tumepata. Hamira ya bia ile hutoa vyote viwili, na watu wengi hukipata kimoja tu. Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yetu. Kila glasi ilipita kwanza kwa Nassor, akainusa na kutaja alichokikuta, kisha ikaja kwangu nikaionja. Alikuta giligilani kwenye bia ya Wabelgiji. Alikuta maganda ya chungwa, asali, mkate uliokaribia kuungua, mara moja hata majani ya chai. Akimaliza alikwenda kunawa mikono. Siku moja nilimuuliza kama kunusa si haramu. Alifikiri, akasema hilo amejiuliza na jibu bado hajalipata. Lakini kama ni dhambi ni ndogo, na baridi ni kubwa.

Iko bia moja aliyoirudia. Ilikuwa nyeusi yenye wekundu ndani, ya watawa wa Ubelgiji, kali, ya kunywewa polepole. Piero alipoifungua mara ya kwanza Nassor aliinusa, akainusa tena. Nikangoja zamu yangu. Alipoirudisha alisema kwamba ni kabati la mama yake mwezi wa Ramadhani: tende, sukari guru, karafuu, na mbao zenyewe za kabati. Baada ya hapo, kila tulipokwenda, alimwomba Piero amfungulie chupa ile hata kama hatukupanga kuionja, na Piero hakumkatalia. Mie nilikunywa kilichokuwemo, yeye alibaki na glasi tupu karibu na uso hadi tulipoondoka.

Baridi ilipoanza kulegea, Piero alitupeleka kwa binamu yake milimani. Tulipanda treni ndogo iliyojizungusha kwenye mabonde kama inatafuta njia, tukashuka kituo chenye kuku. Binamu huyo alikuwa anapika bia nyumbani kwa kokwa za miti ya kule, wanazozikausha kwa moshi na kuzisaga unga. Alitumiminia kutoka kwenye ndoo kwa kata, kwenye vikombe vya bati. Ilikuwa nzito, chachu, ina vumbivumbi chini. Nilipoimeza ya kwanza nilikirudisha kikombe puani. Ilikuwa karibu kabisa na mbege ya bibi yangu, bibi ambaye nilikuwa sijamuwaza tangu nimefika. Nikaomba ya pili, nikaenda kuinywea uani nikiangalia kuku. Nassor aliniona, akageuka kuongea na wenyeji ili nisitazamwe. Wakati wa kurudi, ndani ya treni, kwa mara ya kwanza aliniambia habari za mama yake. Alipokuwa mdogo mama alimfunga kitambaa machoni, akamsogezea kopo baada ya kopo anuse na kutaja, na akikosea alipigwa kidole puani. Ndugu zake walichoka mchezo huo, yeye hakuchoka. Siku ya kuondoka mama alimwambia, "Nenda, urudi unikute." Alinisimulia hayo akitabasamu, kichwa kwenye kioo. Nikifikiria mwaka ule, kama ningeambiwa nichague siku ya kuurudia, ningechagua treni ile, wote wawili tumechoka kwa raha, tunanuka moshi, hatujapungukiwa kitu.

Habari ililetwa na msimamizi wa karakana. Alimwita Nassor ofisini, na nilipomwona akirudi anatembea katikati ya mashine bila kukwepa chochote, nilijua. Ujumbe ulikuwa umepitia kwa mwajiri wetu, ukakaa, ukafika umechelewa. Mama alikuwa ameugua ghafla, akafa, akazikwa siku ileile, kama ilivyo desturi yao, na siku kadhaa zilikuwa zimeshapita. Msimamizi alitaka kujua kama anahitaji kwenda nyumbani. Nassor akamjibu kwamba hata wakimpa ndege saa hiyo, atakwenda kukuta udongo umeshakauka. Akashika spana akaendelea na kazi. Hakulia. Jioni Signora Ines alipoambiwa alisimama mlangoni kwetu akijipangusa mikono iliyokuwa mikavu. Hakujua kwetu msiba unakaliwa vipi. Akapika wali, ambao hakuwahi kutupikia, akautia katika ile sufuria ya utepe, ukatoka bokoboko, na Nassor akaula wote kwa heshima. Nilijaribu kumwambia maneno tunayoambiana. Kazi ya Mungu haina makosa. Aliitikia. Usiku sikumsikia akigeuka kitandani, na mtu aliyelala hugeuka.

Jumamosi hiyo alitangulia kwa Piero bila kuningoja. Nilimkuta amekaa kwenye meza yetu, mchana kweupe, mbele yake ile bia nyeusi, imejaa, povu limeshaanza kushuka. Juisi hakuna. Nilipokaa alikuwa anainyanyua glasi, na sijui nilifikiri nini. Nilifunika mdomo wa glasi kwa kiganja changu na kuirudisha mezani.

"Toa mkono, Deo."

Nikamwambia sitoi.

"Kila Jumamosi unakunywa mbele yangu. Niliwahi kukushika mkono?"

Nikasema, "Kesho utajichukia."

"Mama yangu amezikwa na majirani," alisema. "Unadhani leo najipenda?"

Hakuwa mtoto, na mie sikuwa shehe wake; nilikuwa Mkristo niliyetia nanga kwenye baa, nikimzuia mtu mzima kufanya nilichokifanya mwenyewe kila wiki. Lakini nilikuwa nimeishi naye chumba kimoja, nilikuwa nimemwona akitawadha kwa maji yenye barafu, na niliona kwamba hiki anachokitaka hakitaki kweli. Nikafanya lililonijia. Niliivuta ile glasi nikainywa yote, kwa mkupuo, bia ambayo Piero alinifundisha kuinywa kwa robo saa. Nassor aliniangalia. Akamwita Piero, akaagiza nyingine. Piero akanitazama mie, akaileta. Nikainywa na hiyo. Nassor akaagiza nyingine. Hatukuwa tunaongea tena. Yeye anaagiza, mie nakunywa, na nakumbuka watu wa kaunta waligeuka kututazama, kwanza wakicheka, halafu hawacheki. Nakumbuka Piero akiichukua chupa na kuiweka chini ya kaunta, akisema inatosha. Nakumbuka Nassor amekamata glasi tupu kwa mikono miwili. Baada ya hapo sikumbuki.

Niliamka Jumapili, jua liko ukutani. Nilikuwa sina viatu, uso wangu ulikuwa umeoshwa, na shati nililovaa lilikuwa la Nassor. Yeye alikuwa amekaa dirishani. Alisema chai ipo. Hakusema zaidi, wala mie sikuuliza, na hivyo ndivyo jambo hilo lilivyozikwa. Jumamosi iliyofuata alibaki chumbani akisoma. Nilikwenda kwa Piero peke yangu mara moja. Akanimiminia bia ya ngano, nikaipata ndizi yangu vizuri tu, lakini karafuu sikuipata, ingawa niliitafuta hadi glasi ikaisha. Sikurudi tena. Miezi iliyobaki tuliishi kwa adabu, kama watu wa ofisi moja. Karibu na mwisho, Kiitaliano changu kikiwa kimekomaa, nilimsikia Signora Ines jikoni akimweleza dada yake juu ya siku ile. Alisema, "Aliyefiwa ndiye aliyempandisha mlevi ngazi." Dada yake akasikitika, vikombe vikagongana, wakahamia habari nyingine. Nilibaki nimelala, nikitazama dari. Kumbe mie kwa miezi yote hiyo nilikuwa najiambia kwamba nilimwokoa rafiki yangu. Kumbe aliyeangalia kutoka mlangoni aliona mtu na msiba wake, amebebeshwa mzigo mwingine.

Tulirudi Dar tukafanya kazi karakana moja kwa miaka kadhaa. Winchi tulizijua vizuri. Kwa hilo hakuna aliyelalamika. Nassor alioa, nikahudhuria. Nilioa, akahudhuria, akaleta udi. Kisha alirudi kwenye duka la ukoo baba yake alipodhoofika, na mie nikafungua ile baa, na wateja wangu walitaka bia moja tu, ya baridi, hata siku moja hakuna aliyeuliza ina harufu gani. Nassor hakuwahi kukanyaga Tandika kwangu. Sikumtegemea. Tulionana misibani, kisha tukawa tunapigiana simu za Idi na Krismasi, kisha hizo nazo zikapungua. Mtu akizeeka anagundua kwamba urafiki mwingi haufi kwa ugomvi. Unachoka tu, kama miguu.

Basi siku hiyo Temeke tulikaa kwenye jamvi, watu wakaanza kupungua. Binti yake mkubwa, Rukia, alitoka ndani akaja kunisalimu. "Shikamoo, ami." Nikamwitikia, nikampa pole. Akainama akaninong'oneza kwamba baba hajala tangu juzi mama alipozidiwa, na kwamba labda mie atanisikiliza. Nikasema nitajaribu. Nassor alikuwa amesikia, maana alitikisa kichwa kama mtu anayemhurumia mtoto. Rukia alipoondoka, Nassor akaanza kuongea, macho yake yakiwa barabarani.

Alisema leo yeye mwenyewe amembeba mkewe. Wanawe walimwambia baba umechoka, tuachie, akawaambia niacheni. Amelishika jeneza tangu mlangoni hadi msikitini, na kutoka msikitini hadi kaburini, na kaburini ameshuka. Nikamwambia amefanya vizuri.

"La mama sikuligusa," alisema. "Unajua nilimbeba nani?"

Nikasema najua. Nikamwambia nilimsikia Signora Ines, na kwamba nimeona aibu kwa jambo hilo maisha yangu yote.

Akageuka kunitazama, kama aliyesikia kitu cha ajabu. "Aibu ya nini? Sikia. Siku ile nilikuchukia. Ulininyima kitu kinachonukia kama nyumbani kwetu. Halafu ukaanguka, ikabidi nikubebe. Ulikuwa mzito, Deo. Kila ghorofa nilipumzika, nikakuweka ukutani, nikasema yale ambayo ningeyasema njiani kwenda makaburini kama ningekuwepo. Nikakuinua tena. Signora akafungua mlango, akashika miguu. Nikakuosha uso, nikakubadilisha shati. Mikono yangu ilikuwa inatafuta kazi hiyo tangu ile habari ije. Nilipomaliza nikalia, halafu nikalala."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungedhani nakushukuru," alisema. "Na mie nilikuwa bado nimekasirika. Baadaye hasira ikaisha, lakini wewe ukawa na baa yako, mie na duka langu. Nikaona labda wewe umesahau."

Rukia alikuja na sinia la wali na kuku, akaliweka kati yetu na jagi la kunawia. Nikanawa, nikakata tonge, nikasubiri. Akanawa. Alikula matonge machache, polepole, akiangalia mkono wangu unapokwenda kwenye sinia na kuufuata, na kila nilipotaka kuacha niliendelea ili asiache. Akasema wali una iliki nyingi, mkewe asingekubali. Nikasema mie siijui iliki, nimeambiwa nina pua ya ndizi tu. Uso wake ukalegea kidogo, si kicheko lakini karibu yake. Akafuta vidole, akaegemea nyuma, akafumba macho, na muda si mrefu kichwa chake kikaja taratibu begani kwangu. Alikuwa amelala.

Adhana ya alasiri ilipoanza nilidhani ataamka. Hakuamka. Wanaume wakainuka kwenda msikitini, wakatupita kwa miguu mitupu, na mmoja akanyoosha mkono amwamshe. Mzee mmoja wa pale akamzuia, akasema, "Mwache. Ataswali akiamka." Wakaondoka wote. Turubai likabaki na sisi wawili, na paka aliyekuja kuangalia sinia. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umekufa ganzi tangu zamani. Sikuusogeza.